Kinyonga ndani ya Kitalu Nyumba: Historia ya Boksi Moja

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wananunua kitalu nyumba cha bei ya chini kabisa, kile kinachokuja kimefungashwa na mabomba yake membamba, halafu hawapandi hata mche mmoja wa nyanya. Wanaivua nailoni yote, wanaiweka kando, wanaivalisha fremu wavu, wanaingiza miti iliyopandwa kwenye makopo, kisha wanamwingiza mpangaji: kinyonga. Miezi ya joto anakaa nje, anapigwa jua na upepo. Baridi ikianza anarudishwa chumbani, na fremu inakunjwa mpaka mwaka unaofuata.

Habari hii ingeweza kubaki huko huko kama nisingeulizwa swali Kagongwa. Kagongwa, kwa asiyepajua, ni mji wa mpunga. Ukitoka Isaka kwenda Kahama utakutana na mashine za kukoboa, malori yaliyopanga foleni, na vumbi la pumba linaloingia mpaka kwenye chai. Vijana wa pale wanajaribu kila kitu: mpunga, bodaboda, machimbo, nyanya za kwenye kitalu. Mmoja wao, ambaye nailoni ya kitalu chake ilikuwa imeshachanika, aliniuliza hivi: "Kaka, hizi fremu siwezi kufugia vinyonga? Nimeona Wazungu wanafanya, na wanauziana kwa dola."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nyuma ya swali lile kuna karibu miaka 200 ya historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni yetu hata kama hatukuiandika sisi. Hebu tuifuate.

Tuanzie London, mwaka 1829. Daktari mmoja, Nathaniel Bagshaw Ward, alikuwa akiishi upande wa mashariki wa mji ule, ambako moshi wa makaa ya mawe uliua mimea yake yote. Alikuwa na mapenzi na wadudu pia. Siku moja akachukua bundo la nondo, akalifukia kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunga, akasubiri nondo atoke. Wakati anasubiri akaona kitu kingine: maji yalikuwa yanapanda kama mvuke, yanagonga kioo, yanashuka tena kwenye udongo, na ndani ya mzunguko huo jani la jimbi na nyasi vikachipua. Mimea iliyokuwa ikifa bustanini kwake ilikuwa inaishi chupani.

Kutokana na chupa ile akatengeneza masanduku ya kioo yaliyokuja kuitwa kwa jina lake. Mwaka 1833 alipakia mimea ndani ya masanduku mawili, yakasafiri baharini kwa miezi mpaka Sydney, na mimea ikafika hai. Basi, dunia ya mimea ikabadilika. Chai ilitolewa China ikapelekwa India kwa masanduku ya aina hiyo. Ukitaka kujua kwa nini himaya za Ulaya ziliweza kuchukua mmea wa nchi moja na kuufanya shamba katika nchi nyingine, usiangalie bunduki peke yake. Angalia na sanduku la kioo.

Ila ninachotaka ukishike hapa ni kitu kidogo zaidi. Sanduku lile halikuanza kama nyumba ya mmea. Lilianza kama nyumba ya mnyama, bundo la nondo. Kwa hiyo anayemwingiza kinyonga kwenye kitalu nyumba hajavuruga kazi ya asili ya chombo. Amekirudisha kilikotoka.

Kioo ni ghali, na kwa miaka mingi nyumba ya kioo ilikuwa mali ya mabwana wakubwa. Kilichoishusha mpaka kwa mkulima wa kawaida ni nailoni. Polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, tena kwa bahati, kwenye jaribio la maabara lililokuwa na lengo lingine kabisa. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Emery Myers Emmert, ambaye hakuwa na hela ya kujengea nyumba ya kioo, alivalisha fremu ya mbao karatasi ya plastiki. Hapo ndipo alipozaliwa babu wa vitalu nyumba vyote unavyoviona leo, pamoja na vile vilivyoletwa kwenye halmashauri zetu wakati Ofisi ya Waziri Mkuu ilipokuwa ikiwafundisha vijana kilimo cha kitalu nyumba. Ni teknolojia iliyoanza na mtu aliyekosa pesa. Inapendeza kulijua hilo.

Sasa tuhame boksi, twende kwa mpangaji.

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, Usambara Mashariki. Walikuwa tayari wameonja utamu wa kuhamisha mimea: miaka tisa nyuma, mwaka 1893, Richard Hindorf alikuwa ameingiza miche ya katani kutoka Florida, na kati ya miche 1,000 iliyotumwa ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 yakapatikana mashamba yaliyokuja kuutawala uchumi wa Tanganyika. Amani ilitakiwa kuifanya kazi hiyo kwa utaratibu, mmea baada ya mmea.

Lakini mtu anayeingia msituni kutafuta mmea hukutana na wenye msitu. Mtaalamu wa wanyama pale Amani alikuwa Julius Vosseler, na leo kuna kinyonga wa Usambara Mashariki anayebeba jina lake, aliyeandikwa kisayansi mwaka 1913. Mwingine wa milima hiyo hiyo ana jina la Paul Matschie, bwana wa makumbusho ya Berlin. Mwingine ana jina la Gustav Fischer, daktari na msafiri. Kule Kenya kuna yule mwenye pembe tatu, aliyepewa mwaka 1896 jina la Frederick Jackson, Mwingereza ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Ukisoma orodha ya vinyonga wa Afrika Mashariki unaweza kudhani ni orodha ya wageni waalikwa kwenye dhifa ya Gavana.

Ndiyo maana nilifurahi nilipokutana na mwaka 2006. Mwaka huo watafiti Tilbury, Tolley na Branch waliwapanga upya baadhi ya vinyonga wa milima yetu, wakaona wanastahili jenasi yao wenyewe. Jina walilochagua ni *Kinyongia*. Yaani neno la Kiswahili, lile lile analolipiga kelele mtoto wa Kagongwa akimwona kwenye mwarobaini, limeingia kwenye vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Kwa hiyo kinyonga wa Vosseler sasa anaitwa *Kinyongia vosseleri*: jina la kwanza letu, jina la ukoo la Mjerumani. Sisi tunaopenda maneno hatupaswi kulipita hilo kimya kimya.

Kinyonga aliyepewa jina huwa hakai mbali na aliyepewa bei. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama huko Hawaii aliagiza vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Safari iliwachosha, wakafika wamekonda na wamekauka. Jamaa akafanya kitu kilichoonekana cha huruma: akawaachia kwenye miti ya uani kwake, Kaneohe, wapate nafuu. Wakapata. Kisha wakaondoka. Hawaii haikuwa na mjusi hata mmoja wa asili wa nchi kavu, na leo uzao wa wageni wale umetapakaa visiwani. Watafiti wamepasua matumbo yao wakakuta konokono wa asili wa Hawaii, viumbe ambao tayari walikuwa wanaelekea kwisha. Hicho ndicho kizimba cha nje cha kinyonga ambacho kilikosa ukuta, na hasara yake imedumu zaidi ya miaka 50.

Dunia ilikuwa imeanza kushtuka. Mwaka 1977 vinyonga waliwekwa chini ya mkataba wa CITES, kwa hiyo kuwasafirisha kukahitaji vibali. Mwaka 1981 Kenya ikapiga marufuku biashara ya kuwauza nje. Hapo macho ya wanunuzi yakahamia kwetu, kwa sababu Tanzania ina milima ya Usambara, Uluguru, Nguru na Udzungwa, na kila mlima una kinyonga wake asiyepatikana kwingine. Kwa miaka mingi vijana wa vijijini waliwakamata usiku kwa tochi, maana kinyonga akilala hupauka na kung'aa kwenye mwanga. Mkamataji alipata chenji. Bei yenyewe ilikuwa inamsubiri mnyama upande wa pili wa bahari.

Kisha ukaja wakati wa milango kufungwa. Novemba 2010 twiga na wanyama wengine walipandishwa ndege pale KIA wakapelekwa Qatar, na kashfa ile ikawafanya Watanzania waulize maswali ambayo hawakuwa wameyauliza juu ya mjusi na kinyonga. Mwaka 2016 serikali ikasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Mwaka huo huo, mkutano wa CITES wa Johannesburg ukaongeza vinyonga wadogo wa majanini, wale wanaofanana na jani kavu, kwenye orodha ya wanaodhibitiwa. Juni 2022 likatoka tangazo kwamba wafanyabiashara wangeruhusiwa kumalizia wanyama waliobaki mabandani; kelele zikawa nyingi, na tangazo likasitishwa ndani ya muda mfupi sana.

Kwa hiyo jibu la kwanza la swali la Kagongwa ni la kisheria, na halina mapambo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali kwa mtu anayetaka kumkamata mnyamapori. Huwezi kumtoa kinyonga kwenye mpera wa jirani, ukamwingiza kwenye fremu, ukaanza kungojea dola. Kwanza soko lenyewe limefungwa. Nilimwambia hivyo yule kijana, na akaniuliza vizuri tu: mbona yule wa Ulaya anaye, na alitoka huku huku? Swali zuri. Wengi wa vinyonga wanaofugwa leo huko wamezaliwa huko huko, na baadhi yao ni wazao wa mababu waliotoka huku kabla milango haijafungwa. Nchi iliyobaki na mlima haikubaki na biashara. Hilo linauma, na sioni sababu ya kulifunika kwa maneno matamu.

Jibu la pili ni la kifundi, na hapa ndipo mtu anapojifunza kinyonga ni nani. Kitalu nyumba kimetengenezwa kufanya kazi moja: kuingiza mwanga na kuzuia hewa ya moto isitoke. Kwa Kagongwa, ambako jua la Septemba halihitaji msaada wa mtu yeyote, nyumba ya nailoni iliyofungwa mchana ni oveni. Nyanya zenyewe huangusha maua. Kinyonga hatoi jasho; anapoona joto limezidi hupauka ili arudishe mwanga, kisha hufungua mdomo, na baada ya hapo hana mbinu nyingine isipokuwa kivuli na upepo. Kioo pia huuzuia mwanga wa urujuanimno, na nailoni nyingi za vitalu huupunguza, wakati mnyama huyu anauhitaji ili mwili wake utengeneze vitamini D na kutumia madini ya chokaa. Akiukosa, mifupa yake hulegea kama ya mtoto mwenye matege.

Ndiyo maana wafugaji wa huko wanabakiza fremu tu. Wavu unaruhusu hewa. Matawi ni ya lazima, kwa kuwa miguu yake imeumbwa kama koleo, ya kubana kijiti na siyo ya kutembea sakafuni. Maji ya kwenye bakuli mara nyingi hayatambui kabisa. Anakunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, kwa hiyo lazima mtu anyunyize. Jike anahitaji udongo wa kina wa kuchimba na kufukia mayai. Wawili hawakai pamoja: kila mmoja akimwona mwenzake anaishi kwa hasira, na hasira hiyo inamdhoofisha. Na siafu wakiingia usiku, asubuhi unakuta mifupa.

Pia kuna rangi. Sisi tumemfanya kinyonga kuwa tusi la siasa: mtu akihama chama, keshaitwa kinyonga. Kumbe tunamsingizia. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha kwamba chini ya ngozi ya kinyonga kuna fuwele ndogo mno, na kwa kubadilisha nafasi kati ya fuwele hizo mnyama hubadilisha mwanga anaourudisha. Mabadiliko makubwa ya rangi huyafanya anapokutana na mwenzake, anapotamani, anapogombana, anapopata joto au baridi. Haigi kila anachokikalia. Anasema alivyo. Mwanasiasa anayefanya hivyo ningempigia kura.

Nikifika hapa lazima niwe na haki kwa boksi, maana mpaka sasa nimelisema vibaya. Kuna mnyama wa Tanzania aliyeokolewa na boksi. Kwenye korongo la Kihansi, chini ya maporomoko, aliishi chura mdogo wa manjano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme ukiwa tayari unajengwa. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu ya maporomoko yakakatika, na chura yule hakuwa na kwao kwingine duniani. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Bronx, New York. Kule porini wakaisha. Mwaka 2009 shirika la IUCN likatangaza kwamba hayupo tena kwenye makazi yake ya asili. Aliyebaki alikuwa kwenye boksi la kioo, mvua yake ikitoka kwenye bomba. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, ambako mabomba ya kunyunyiza yalikuwa yamefungwa ili kuiga manyunyu yaliyopotea.

Ukiitazama vizuri habari ya Kihansi, boksi lilinunua muda tu. Kilichomrudisha chura kwao ni korongo kuwapo na maji kunyunyizwa tena. Bila korongo, vyura wa Bronx wangekuwa kama picha za marehemu.

Hilo ndilo linalonirudisha Shinyanga, kwa sababu mkoa huu una historia yake ya uzio, na ni ya zamani kuliko kitalu chochote. Miaka ya 1920 Waingereza waliamua kupambana na ndorobo kwa kufyeka pori. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Charles Swynnerton, na makao ya utafiti wa ndorobo yakawekwa hapa hapa Shinyanga. Watu walifyeka maelfu ya hekta. Baadaye pamba ikataka ardhi yake, ng'ombe wakaongezeka, na miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Huku Kahama, machimbo nayo yalihitaji magogo ya kushikilia mashimo, na miji ilihitaji mkaa. Mpaka miaka ya 1980 watu walikuwa wanautaja Shinyanga kama jangwa.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wataalamu walipojaribu miti ya kigeni na vitalu vya miche, wazee waliwakumbusha kitu walichonacho: ngitili. Wasukuma walikuwa na desturi ya kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, kisichoguswa, na kukifungua kiangazi ng'ombe wanapokosa majani. Hakikuhitaji bomba wala nailoni. Ulinzi wake ulikuwa makubaliano, na aliyeyavunja alikutana na sungusungu. Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikuwa kama hekta 600. Baada ya chini ya miaka 20 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapewa Tuzo ya Ikweta na Umoja wa Mataifa. Miti ilirudi kwa sababu mizizi ilikuwa bado hai chini. Ikarudi na nyuki, na ndege, na vinyonga.

Kinyonga wa huku kwetu, yule wa kawaida mwenye masikio ya ngozi nyuma ya kichwa, ni mvumilivu. Jike hufukia mayai yake na kuondoka, na mayai yanaweza kukaa ardhini karibu mwaka mzima kabla hayajaanguliwa. Fikiria maana yake kwa shamba linalolimwa kwa trekta kila msimu, au kona ya kiwanja inayochomwa moto kila Agosti. Mnyama huyu anahitaji kipande cha ardhi ambacho hakuna mtu atakayekigusa kwa mwaka mmoja. Hivyo ndivyo ngitili inavyofanya, na ndivyo fremu ya mita tatu isivyoweza.

Tuna deni la pili kwake, la hadithi. Katika makabila mengi ya Kibantu inasimuliwa kwamba kinyonga alitumwa kwa wanadamu na ujumbe wa uzima, akatembea taratibu, mjusi akamtangulia na ujumbe wa kifo. Kwa ajili ya hadithi hiyo watoto wanampiga mawe mpaka leo. Nimewahi kuwaona watu wazima wakimkimbia kama nyoka, mnyama asiye na sumu wala jino la kukuumiza. Kama kuna uzio ambao kila mtaa wa Kagongwa unaweza kuujenga bila kibali na bila senti, ni kumwambia mtoto aliyeshika jiwe: mwache, huyo ana jina la Kiswahili mpaka kwenye vitabu vya Wazungu.

Kuhusu mabomba yaliyobaki: Machi 2015 mvua ya mawe ilipiga Mwakata, wilaya hii hii ya Kahama, ikaua watu zaidi ya 40 na kubomoa nyumba za tofali. Nailoni ni kitu gani mbele ya mvua kama hiyo? Lakini fremu yenye wavu, kando ya kisima, inatosha kukuzia miche ya mikwaju na migunga mpaka ifike gotini. Miche ikishika, ipeleke kwenye kona ya shamba, ifungie njia, usiiguse. Kinyonga haitaji kuletwa. Atakuja mwenyewe, kwa mwendo wake.